Fulana Iliyogeuzwa Ndani Nje



Jumapili moja ya Kipindi cha Pasaka, dakika chache kabla ya Misa ya kwanza, mzee mmoja wa kanisa aliingia sakristia akiwa amekunja uso. Akatusogelea na kutunong'oneza: "Baba Paroko, kuna kijana benchi la nne upande wa wanaume, amevaa Freemason." Tukachungulia mlangoni. Kijana mwenyewe tulimfahamu vizuri. Ni wa darasa la Kipaimara, mpole, anayelelewa na bibi yake. Alikuwa amevaa fulana nyeusi ya mitumba yenye picha ya kofia ya chuma iliyofunika uso mzima, na chini ya picha hiyo palikuwa na mstari mmoja wa maneno ya Kiingereza. Kengele ilikuwa imekwisha kugongwa, kwaya imesimama, nasi tulikuwa na haraka. Tukamwita pembeni, tukamwambia aende nje, aigeuze fulana ile ndani nje, kisha arudi.

Alitii bila kusema neno. Akarudi mishono ikiwa imetokeza mabegani na kitambaa cha lebo kikining'inia shingoni. Wakati wa Komunyo hakusogea mbele. Alibaki ameinama katika benchi lake, na watoto wenzake wakimruka miguu kwenda kupokea.

Tangu siku ile dhamiri yetu haikutulia. Mzee wa kanisa hakuwa na kosa kubwa, kwa kuwa hakujua picha ile ni ya nini. Kosa lilikuwa letu, maana sisi tulijua.

Tulipokuwa seminarini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, jioni za Jumamosi tuliruhusiwa kutazama mkanda mmoja wa video, na miongoni mwa mikanda iliyochakaa katika kabati la ukumbi wa burudani ilikuwamo ya Star Wars, yaani Vita vya Nyota. Filamu ya kwanza ya hadithi hiyo ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1977, kazi ya mtunzi na mwongozaji George Lucas, na mfululizo wake mkuu ulifikia filamu 9 mwaka 2019. Ni hadithi za mbali, za vyombo vinavyoruka kati ya sayari na sayari, na za mashujaa wanaoitwa Jedi, ambao huvaa majoho ya kahawia yenye kofia kama watawa wa kale na kupigana kwa panga za mwanga. Uso wa chuma ulio katika fulana ni wa Darth Vader, adui mkuu wa filamu zile za mwanzo.

Hapa kwetu Mamba hadithi hizi hazikupitia majumba ya sinema, maana hayapo. Katika vibanda umiza, palipo na sola na televisheni moja, vijana wetu hupenda zaidi mapigano ya Kichina na ya komando, hasa yale yaliyotafsiriwa kwa sauti na wasimulizi wa Dar es Salaam waliofuata nyayo za yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Vita vya Nyota vimetufikia kwa njia nyingine, nayo ni robota la mitumba. Fulana huvaliwa Marekani au Ulaya, hutupwa, hufungwa katika marobota, hushuka bandarini, hupandishwa malori hadi Mpanda, na mwisho hutandazwa juu ya turubai mnadani. Picha huja, maneno huja, lakini msimulizi hakuja. Bibi yake kijana aliinunua kwa fedha ya karanga ili mjukuu apate nguo ya Pasaka. Aliichagua kwa sababu haikuwa na tundu.

Na maneno yale ya Kiingereza chini ya picha? Kwa Kiswahili tungeyasoma hivi: Nguvu na iwe nawe. Ndiyo salamu na baraka ya mashujaa wale wa Jedi wanapoagana. Katika nchi zinazosema Kiingereza salamu hiyo imekwisha kutoka katika filamu na kuingia mitaani, maofisini na katika matangazo ya biashara. Hata imepata sikukuu yake, tarehe 4 Mei ya kila mwaka, kwa sababu tu katika lugha hiyo neno lao la "nguvu" na neno la "nne" hukaribiana sana kwa matamshi, na mwezi wa Mei unafanana na neno la kuombea heri. Ni mchezo wa maneno ambao hautafsiriki, na asiyejua Kiingereza hakosi kitu kikubwa.

Lakini Mkatoliki yeyote anayeisikia salamu ile hana budi kutega sikio. Nguvu na iwe nawe. Bwana awe nanyi. Jengo la maneno ni lile lile. Mkaaji wa jengo ndiye aliyebadilishwa. Salamu yetu ni ya kale kuliko filamu zote, na ni ya shambani kabla ya kuwa ya kanisani, kwa kuwa katika Kitabu cha Ruthu ndivyo Boazi anavyowasalimu wavunaji wake anapofika kutoka Bethlehemu. Sisi tunaovuna mpunga tunaweza kuiona picha hiyo bila kuelezwa: mwenye shamba anafika, watu wameinama na mundu, naye kabla ya kuuliza habari ya magunia anawatakia uwepo wa Mungu. Kwa hiyo yale maneno yaliyotutisha kifuani mwa kijana ni salamu yetu wenyewe, iliyokwenda mbali, ikavishwa nguo nyingine, ikarudi kwetu katika robota. Nasi tulio wenye salamu hatukuitambua.

Jambo la namna hii liliwahi kuwapata majirani zetu wa Kenya, nao walifanya vizuri kuliko sisi. Katika filamu ya mwaka 1983 yumo rubani mmoja wa sayari nyingine, mwenye mashavu makubwa yanayoning'inia, aitwaye Nien Nunb. Watengenezaji walitaka azungumze lugha ambayo watazamaji wao wasingeielewa. Wakampata mwanafunzi wa Kikenya aliyekuwa akisoma Marekani, Kipsang Rotich, akatoa sauti ya kiumbe yule, na sehemu ya maneno aliyoyatamka ni Kikuyu safi. Kwa miaka mingi ikasemwa pia kuwa ni Kihaya, na ndugu zetu wa Bukoba hawakukasirika kudhaniwa. Sasa fikirini watu wamekaa sinemani Nairobi, wametulia kuwatazama viumbe wa nyota za mbali, mara kiumbe mmoja anasema kama mjomba wa Nyeri! Walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka, kwa maana kilichotungwa kuwa fumbo kwa dunia nzima kilikuwa wazi kwao. Mwenye lugha hahitaji mkalimani.

Yuko atakayeona dharau katika jambo hilo, kwamba lugha ya mama zetu ilionekana ya kigeni kiasi cha kufaa kwa watu wa angani. Sisi hatumkatazi kuona hivyo. Mwaka 2015 Mkenya mwingine, Lupita Nyong'o, aliingia katika hadithi hizo hizo kumwigiza bikizee wa miaka zaidi ya 1,000, na uso wake nao ukafunikwa wote kwa sura ya kompyuta. Afrika ya Mashariki imesikika mara mbili katika Vita vya Nyota bila uso wake kuonekana. Hata hivyo Rotich alirudi kwa furaha mwaka ule wa 2015 kutoa tena sauti ya rubani wake, baada ya zaidi ya miaka 30.

Turudi kwenye hofu ya Freemason. Hofu hii imevuma sana nchini mwetu, hasa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na mapadre tumelaumiwa kuwa hatuisemi. Basi na tuiseme. Kanisa linamkataza mwamini kujiunga na chama hicho. Tamko la Idara ya Mafundisho ya Imani la Novemba 1983 lilirudia katazo hilo, nalo lilithibitishwa tena Novemba 2023. (Mwaka 1983, kumbe, ndio ule ule wa rubani wa Kikuyu.) Katazo hilo ni la kujiunga na chama chenye mafundisho yasiyopatana na imani. Halikuwaagiza wazee wa kanisa kukagua fulana, wala kusoma ushetani katika kila jicho, pembetatu na fuvu lililochapwa kiwandani. Tena tabia ya kusoma ishara na kutoa hukumu papo hapo tunaijua inakofikia. Katika Kanda ya Ziwa na mikoa hii yetu ya magharibi wamezikwa vikongwe wasio na kosa waliouawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu ule ulitoka katika moshi wa jikoni walikopikia wajukuu. Aliyewasoma macho hakuwa na shaka. Sisi nasi pale mlangoni mwa sakristia hatukuwa na shaka, au tulijifanya hatuna.

Na ubaya wa kosa letu unaongezeka tukikumbuka uso ule wa chuma ni wa nani. Katika filamu ya 1983 inajulikana kwamba nyuma ya kinyago hakuna shetani. Kuna baba aliyeanguka, aliyeungua mwili na kuwatumikia waovu miaka mingi, ambaye mwishoni anashindwa kuvumilia mwanawe akiuawa mbele yake. Anamwokoa kwa gharama ya uhai wake. Kisha anamwomba mwana amvue kinyago, walau amwone mara moja kwa macho yake mwenyewe. Tulipoitazama seminarini, ukumbi mzima ulinyamaza. Naam, ni filamu tu, na risasi zake ni nyingi kuliko hekima yake; lakini tulichomwamuru kijana akifiche kilikuwa picha ya mtu aliyetubu.

Hatusemi haya ili kuifanya Star Wars kuwa katekisimu. Wako waliojaribu. Katika sensa ya mwaka 2001 ya Uingereza na Wales, watu 390,127 waliandika kwamba dini yao ni Jedi. Wengi walifuata mzaha uliosambazwa kwa barua pepe, na serikali ikawahesabu pamoja na wasio na dini. Mwaka 2011 wakapungua kuwa 176,632, na sensa ya 2021 ikawakuta yapata 1,600 tu. Katikati ya hapo, Desemba 2016, tume inayosimamia mashirika ya hisani nchini humo ilikataa ombi la kundi moja la Jedi lililotaka kuandikishwa kama dini. Wahubiri waliotumia Jumapili nyingi kukemea mzaha ule wangeweza kuokoa sauti zao. Mzaha huchoka wenyewe.

Kinachotuhusu ni hilo neno lililokaa mahali pa Bwana. Nguvu ya hadithi zile haina uso wala jina. Imeenea kati ya viumbe vyote kama umeme katika nyaya, ina upande wa mwanga na upande wa giza, na mwenye ujuzi huivuta upande autakao. Huitumia kuinua mawe na kugeuza mawazo ya watu, na mwovu huitumia hata kumkaba mtu koo bila kumgusa. Huwezi kuikosea Nguvu, kwa hiyo huwezi kuiomba msamaha. Haikupendi; hukutii tu ukiwa hodari.

Je, hilo ni jambo la Marekani? Tungekuwa tunajidanganya. Nguvu isiyo na uso inauzwa hapa hapa, na bei yake haiko mbali na ya mbuzi. Kijana anataka nguvu ya kupata wateja, anakwenda kwa mganga. Mama anataka nguvu ya kumfunga mume, anafunga kitu katika kanga. Tunawafahamu hata waamini, wala hawako vigango vya mbali pekee, ambao rozari huikanda mkononi kama hirizi, na maji ya baraka huyaulizia lita, wakitaka kujua ni ya padre yupi kwa kuwa ya fulani "yana nguvu zaidi". Katika Matendo ya Mitume yumo Simoni wa Samaria, aliyekuwa mchawi, akabatizwa, halafu akatoa fedha kwa Mitume ili naye auziwe uwezo wa kuwawekea watu mikono. Petro alimkaripia vikali. Simoni alitaka Nguvu iwe naye. Kwamba anayetolewa ni Roho, naye ni Nafsi anayekuja kwa hiari yake na kuukataa mkoba wa fedha, hilo lilikuwa geni kwake.

Hapa ndipo tungependa Wakatoliki wajue tofauti, kuliko kujua rangi ya fulana. Padre anapofungua mikono na kusema Bwana awe nanyi, hagawi chaji kama ya simu. Anawatakia ninyi Mtu. Mtu ana uso, hukasirika, husamehe, hungoja, na huwezi kumtia mfukoni.

Kuna habari moja zaidi, nayo ndiyo iliyotunyima usingizi. Shujaa mzee wa filamu ya 1977, Obi-Wan Kenobi, aliigizwa na Mwingereza Alec Guinness, ambaye alikuwa Mkatoliki. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1999, mwaka mmoja kabla ya kufa, anaeleza jinsi mtoto wa miaka 12 alivyojigamba mbele yake kuwa ameitazama Star Wars zaidi ya mara 100. Guinness akamwomba aahidi kutoitazama tena kamwe. Mtoto akaangua kilio, na mama yake akakasirika. Sisi tunamheshimu mzee yule, ila hapo tunaona alikuwa na mkono mzito. Mtoto hulia kwa kitu anachokipenda, na kitu hicho hakiondolewi bila kumpa kingine.

Ajabu ni kwamba Guinness mwenyewe aliletwa Kanisani na mtoto. Miaka mingi kabla ya hapo alikuwa Ufaransa akipiga filamu iliyotoka mwaka 1954, akiigiza padre, na jioni moja akawa anarudi alikolala akiwa bado amevaa kanzu ya maigizo. Mvulana mdogo asiyemjua akamkimbilia, akamshika mkono, akamwita "baba" na kutembea naye akipiga soga kwa Kifaransa, bila hofu yoyote, kisha akamuaga na kutoweka. Guinness hakuthubutu kufungua mdomo, asije akamtisha kwa Kifaransa chake kibovu. Akabaki akiwaza kwamba Kanisa ambalo mavazi yake tu humpa mtoto imani ya namna ile haliwezi kuwa baya kama alivyoambiwa tangu utotoni. Mwaka 1956 akapokelewa katika Kanisa Katoliki.

Yule alikuwa na kanzu ya kuazima, na mtoto akamshika mkono. Sisi tulikuwa na alba na kasula za kweli, tumekwisha kuzibusu na kuzivaa, na mtoto akatoka kwetu akitazama chini.

Jumatano iliyofuata tulipanda pikipiki hadi kwa bibi yake. Tuliwakuta wanapukuchua mahindi. Tulikaribishwa kigoda chini ya mwembe, nasi tulianza kwa kuomba radhi, jambo lililomtia bibi wasiwasi, maana alidhani tumeleta habari ya msiba. Kisha tukamwomba kijana ailete ile fulana. Aliitoa imekunjwa vizuri, bado ndani nje. Tukaigeuza, tukaitandaza juu ya gunia, tukamsomea maneno yale na kumweleza yalikotoka: Boazi na wavunaji, Misa, Marekani, robota. Halafu tukamsimulia habari ya mtu wa kinyago mpaka mwisho.

Kijana akanyamaza kitambo, kidole kikifuata ukingo wa kofia ile ya chuma. "Kwa hiyo Padre, mwanawe alimwona uso?"

"Alimwona."

"Ukoje?"

Tukamwambia ulikuwa uso wa mzee tu, mweupe kwa kukosa jua, wenye makovu. Bibi, aliyekuwa akisikiliza huku akiendelea kupukuchua, akauliza kama basi anaweza kuifua ivaliwe Jumapili, kwa sababu nyingine ya maana hana. Tukamjibu kwamba anaweza.

Jumapili akaja nayo, picha ikiwa nje. Mzee wa kanisa alituangalia kutoka benchi lake la mbele, nasi tukamwashiria kwa kichwa kwamba tutazungumza baada ya Misa. Kisha tukageuka kuwaelekea watu, tukafungua mikono.